Redio ya Riziki Haisalimii

Kamina, tarehe 9 Novemba 2024

Kwa yomba wangu Bilali, Kitwe,

Asalaam aleikum. Kama barua hii imekukuta umesimama, keti, maana salamu ni nyingi. Mama anaendelea na unga wake pale sokoni. Jirani yetu wa upande wa reli amepata mapacha, wote wa kike, na baba yao anatembea kifua mbele utadhani yeye ndiye aliyezaa. Mvua zimeanza, na paa linavuja palepale lilipokuwa linavuja siku zako. Sisi wote hatujambo, ila paa.

Mama hakusema nikusalimie, yomba, sitakudanganya. Nilipomwambia kwamba ninakuandikia, aliinamia beseni lake akaendelea kuchekecha. Sijui mna nini ninyi wawili. Tangu baba yangu Ismaeli afe katika ajali ya lori lenu huko Zambia, mimi nikiwa na miaka saba, hujakanyaga tena Kamina, wewe kaka wa mama wa tumbo moja. Nikikupigia simu inaita mpaka inachoka yenyewe. Ndiyo maana ninaandika kwa karatasi kama watu wa zamani. Mama Bijou, anayepeleka samaki wa Bukama hadi Kasumbalesa, amekubali kuibeba, na pale mpakani atampa dereva wa kwenu.

Sasa jambo lenyewe: nimepata kazi! Yaani, nimeishika mkia, bado kuishika kichwa. Zahanati yetu ina kiwanja kidogo cha ndege, na ndege ya wagonjwa inakuja kutoka Lubumbashi ikiitwa. Kwenye kibanda cha kiwanja kuna redio, na mimi ndiye ninayeongea na rubani. Rubani ni mama mmoja wa New Zealand. Kifaransa hajui. Kiswahili anajua “jambo” tu, na analitamka kama anakohoa. Daktari Augustine, mkuu wa zahanati, amenipa mpaka mwisho wa Juni. Nikiweza, redio ni yangu. Nisipoweza, atapewa Élisée, mwalimu wa Kiingereza wa sekondari, ambaye anakivaa Kiingereza chake kama suti ya harusi.

Mimi Kiingereza changu ni cha darasani, “the book is on the table”. Hakuna mgonjwa aliyepona kwa sababu kitabu kiko juu ya meza. Wewe unaendesha ambulansi huko miaka mingi. Nitumie maneno ya hatari, yomba. Ya damu, ya moto, ya mtu aliyeanguka, ya mtu anayekosa pumzi. Mwaka jana mwanamke wa mtaa wetu alifia juu ya baiskeli akisukumwa kwenda zahanati, na asubuhi hiyohiyo ndege ilikuwa imepita juu ya vichwa vyetu, hapakuwa na mtu wa kuiita. Niliiona kwa macho yangu. Kazi hii ninaitaka kwa roho yangu yote.

Mimi mwipwa wako,
Riziki


Kitwe, tarehe 2 Desemba 2024

Mwipwa wangu Riziki,

Wa aleikum salaam. Barua yako imenifikia inanuka samaki, nikajua kweli imetoka nyumbani. Hapa hatujambo, ila goti. Mvua inanyesha kama mbinguni wamesahau kufunga bomba. Nimefurahi kusikia habari za mapacha. Nimefurahi kusikia unga wa dada yangu unauzika. Kuhusu mambo mengine uliyoandika, ya simu na ya miaka, tuyaache kwanza.

Maneno unayotaka ninayo, nimeyala miaka kumi na minane. Anza na hili: “emergency”. Usidhani ni sawa na ile “urgence” ya maofisa wa huko, ambao kila karatasi yao ni urgence, hata ya kuomba sukari ya ofisi. Huku kuna “urgent” na kuna “emergency”. “Urgent” ni jambo ambalo unaweza kuvaa viatu kwanza. “Emergency” unatoka miguu mitupu. Ukilisema hilo neno redioni, kila mtu mwingine hewani anafunga mdomo. Kwa hiyo usilichezee.

Halafu mgonjwa mwenyewe. “Bleeding”, anatoka damu. “Unconscious”, ukimwita haitiki. “Not breathing”, hapumui, na hilo likitoka kinywani mwako usilifuatishe na maelezo, lifuatishe na mahali alipo. “Burned”, ameungua. “In labour”, yuko kwenye uchungu wa kuzaa. Rubani akikuambia “stand by”, maana yake ngoja hapohapo na usiongee. Ninakujua wewe, hilo litakuwa gumu kuliko yote. Na kuna moja ambalo naomba usilisikie kamwe: “Mayday”. Hilo linasemwa mara tatu, na anayelisema ni rubani mwenyewe, akiwa yeye ndiye wa kuokolewa.

Usiyakariri ukiwa umekaa kama uko mtihani. Yapige kelele ukifua, ukitwanga majani ya sombe, ukikimbilia mvua isilowanishe nguo. Hatari haiji mtu akiwa ameketi na kalamu. Na wazee wetu waliposema haraka haraka haina baraka, walikuwa hawana redio. Methali hiyo iache nje ya kibanda pamoja na viatu.

Mwambie dada yangu. Hapana. Usimwambie kitu.

Mimi yomba wako,
Bilali


Kamina, tarehe 19 Januari 2025

Yomba wangu Bilali,

Asalaam aleikum, na heri ya mwaka mpya, ingawa kwangu umeanza vibaya. Mama mzima. Goti lako tumeliombea. Mapacha wanaota meno. Maneno yako nimeyabandika ukutani juu ya kitanda, na mama anayatazama kila akifagia, na siku moja nilimkuta ameigusa karatasi kwa kidole.

Yomba, nimekosa. Kosa langu lina mguu wa mtu.

Tarehe 8 walimleta Mzee Mbayo, mchoma makaa wa njia ya Kabongo. Mti aliokuwa anakata ulimwangukia mguu. Nilipomuuliza hali, akanijibu, “Niko muzuri, mutoto, ila mukulu kidogo.” Ndivyo tunavyojibu sote, si ndiyo? Mukulu ndio mguu kwao, na ule mguu ulikuwa umegeuka nyuma mbele. Daktari Augustine alisema apelekwe Lubumbashi siku hiyohiyo au mguu umekwenda. Rubani alikuwa tayari hewani, na alikuwa na mgonjwa mwingine anayemngoja Kabongo, si mahututi. Alikuwa anauliza tu aanze wapi.

Maneno yote nilikuwa nayo! “Emergency” ilikuwa hapa kwenye ulimi. Lakini nilipobonyeza kile kidude, nikasikia sauti ya mtu mzima, mama wa watu, yuko peke yake juu kule mawinguni. Utaanzaje na damu kabla ya salamu? Nikasema good morning Madam. Nikauliza habari za safari, habari za watoto. Nikasema hapa Kamina “we are fine, thank you”, ila kuna mzee mmoja “not very well, a little”. Yeye akasikia kwamba tuko salama na mzee anaumwa kidogo. Akasema “good”, akaenda Kabongo. Kwetu alifika kesho yake.

Mguu umekatwa juu ya goti. Nilikwenda kumwomba msamaha, nimeshika ndizi mkononi kama mjinga. Unajua alisema nini? Alisema, “Mutoto, ulisema muzuri. Minyi nilikuwa muzima, ni mukulu tu njo ilikuwa mubaya.” Nililia mpaka wauguzi wakanitoa nje.

Daktari Augustine hakunifukuza. Alisema tarehe ya Juni iko palepale, lakini kosa jingine la namna hii na redio inakwenda kwa Élisée siku hiyohiyo. Kila asubuhi Élisée anapita kibandani ananisalimu kwa Kiingereza cha malkia. Niambie ukweli, yomba. Niache?

Riziki


Kitwe, tarehe 16 Februari 2025

Riziki,

Usiache. Barua hii haina salamu, na kabla hujaimaliza utajua kwa nini.

Niliwahi kukosa kosa lako hilohilo. Kwangu halikuwa mguu. Alikuwa baba yako.

Mliambiwa huko nyumbani kwamba Ismaeli alikufa palepale. Mimi ndiye niliyesema hivyo, na si kweli. Lori lilipinduka kwenye mteremko wa kwenda Chirundu, mwaka 2006, saa nne asubuhi, jua limewaka. Mimi nilitoka na michubuko. Yeye chuma kilikuwa kimempasua paja. Alikuwa anaongea. Aliniambia, “Bilali, funga kitambaa, halafu waite.” Nikafunga kitambaa. Lori lilikuwa na redio ya kampuni, na betri ilikuwa imepasuka, inavuja, taa ya redio inawaka na kufifia. Nilijua ina dakika chache.

Upande wa pili alikuwa mzungu wa ofisini, mtu mwema, mke wake alikuwa mgonjwa mwezi mzima. Nikamsalimu. Nikamuuliza mke wake anaendeleaje. Kiingereza changu kilikuwa kidogo, lakini salamu nilikuwa nazo zote, na nilijivunia. Nikamwambia “we are fine, only small problem with the truck”, sisi wazima, ila gari. Nilitaka kuendelea na Ismaeli. Nilikuwa ninamtengenezea njia, kama tunavyofanya. Akasema vizuri, nitakupigia, kuna lori jingine lina shida kubwa. Nikabonyeza tena. Taa ilikuwa imezimika.

Lori la kwanza kupita lilipita baada ya muda wa saa tatu. Alikuwa bado anapumua wakati wa adhuhuri. Hakunilaumu. Aliniuliza tu, “Wamesema wanakuja?” Nikamwambia ndiyo.

Kwa sababu hiyo nimejifunza maneno yote ya hatari, na kwa sababu hiyo ninaendesha ambulansi. Na kwa sababu hiyohiyo simu yako inaita mpaka inachoka, maana siku moja sauti itakayotoka itakuwa ya mama yako Dunia. Nitamwambia nini dada yangu? Kwamba mume wake alikufa mimi ninamuulizia mke wa mzungu?

Sikufundishi kuwa mtu asiye na adabu. Ninakufundisha kwamba redio si mgeni wala si mwenyeji, haina mke wala watoto. Taja “emergency”, halafu mahali, halafu kilichotokea, halafu wangapi. Ukimaliza, nyamaza. Fanya mazoezi mpaka mdomo wako usahau kuona haya. Ukinichukia baada ya barua hii, nichukie, lakini mazoezi usiache.

Bilali


Kitwe, tarehe 27 Aprili 2025

Riziki, mwipwa wangu,

Dereva wa Kasumbalesa amekuja mara tatu mikono mitupu. Nilimuuliza Mama Bijou yu mzima? Mzima. Treni inatembea? Inatembea. Basi nimeelewa. Unayo haki.

Sikudai jibu. Niandikie mstari mmoja tu kuhusu redio, kama bado ni yako.

Bilali


Kamina, tarehe 22 Juni 2025

Yomba Bilali,

Mwadi yuko hai. Mtoto wake yuko hai. Rubani yuko hai, na muuguzi, na mume wa Mwadi, watu watano wote wamo duniani wanakula bukari. Redio ni yangu.

Sasa nitakueleza, na kwanza nitakueleza kwa nini nilinyamaza. Nilikukasirikia, yomba. Nilikukasirikia mpaka nikawa ninaongea peke yangu njiani. Miaka yote nilimlilia baba aliyekufa palepale, kumbe kulikuwa na asubuhi nzima. Kalamu nilikuwa ninaishika, halafu ninaitupa.

Lakini mazoezi sikuacha, kwa hasira hiyohiyo. Na unajua aliyenifundisha ni nani? Mzee Mbayo! Kwao amekataa kurudi mpaka azoee magongo, basi kila asubuhi anakuja kukaa nje ya kibanda na kopo tupu la maziwa mdomoni, yeye ndiye rubani. Kiingereza hajui hata nusu. Anapiga kelele, “Kamina, Kamina! Minyi niko nakufa huku! Sema!” Na mimi sharti nijibu kwa maneno manne matano, bila “good morning”, bila “sorry”. Nikiteleza nikamsalimu, ananipiga gongo kwenye kisigino. “Mukulu yangu ya pili naitaka,” anasema. Watoto wa mtaa wanakuja kuangalia bure.

Jumanne tarehe 17, saa nane na nusu mchana, redio ikalia. Nilidhani rubani anauliza upepo. Alikuwa amemchukua Mwadi kutoka Malemba-Nkulu, amejifungua asubuhi ile na damu haikatiki. Nikasikia, “Kamina, Kamina. Mayday, Mayday, Mayday.”

Yomba, lile neno uliloomba nisilisikie.

Wakati wa kuruka jiwe lilikuwa limekata mpira wa breki. “No brakes,” akasema. Watu watano, mmoja “bleeding”, mafuta ya dakika ishirini. Sikusalimu! Nikasema, “Mayday received. Our strip is short. Go to the base. Stand by.” Mimi, Riziki, nilimwambia mzungu wa ndege stand by. Uwanja wetu ukishuka bila breki unaishia kwenye nyumba za watu, lakini ule wa Base, kambi ya jeshi, walioujenga Wabelgiji, hauna mwisho. Tatizo ni kwamba wiki hizi Base wanafanya mazoezi ya tarehe 30 Juni, sikukuu ya uhuru, gwaride, fanfari na tarumbeta zao, wake za askari na watoto wao wanaangalia, wauza mikate na mabeseni yao, wote wako juu ya pisti, palepale ndege inaposhukia.

Nikachukua simu. Unajua jinsi mtu anavyomfikia Komanda wa Base. Unasalimia karani, unasalimia nyumba ya karani, unaeleza wewe ni wa nani, unaambiwa piga kesho. Karani akaanza, “Alo Riziki, mama habari?” Nikamwambia, “Nipe Komanda, sasa.” Sijui ni sauti gani ilitoka, maana alinipa. Nikasema hivi, neno kwa neno: “Komanda, ndege haina breki. Inashuka kwenu dakika kumi na tano. Mama mumoja anatoka damu. Ondosha bantu bote ku pisti.”

Akauliza, “Ni nani anasema na minyi hivi?”

“Dakika kumi na ine, Komanda.”

Sitasahau. Hakukata simu, aliiweka mezani, nikamsikia anatoka anapiga amri kwa sauti ya kupasua kuta. Kule mbali tarumbeta lilikuwa katikati ya wimbo, likakatika kama limekabwa. Nikasikia wanawake wanaitana, watoto, mabeseni yanagongana. Mimi huku jasho linanitiririka hadi kwenye kiwiko, Mzee Mbayo amesimama mlangoni kwa mguu wake mmoja, kopo ameliangusha. Daktari Augustine nilikuwa nimeshampigia kelele dirishani, “Damu! Base! Dakika kumi na mbili!”, na alikuwa tayari juu ya pikipiki na sanduku lake. Hata yeye sikumwita Daktari.

Komanda akarudi. “Pisti iko wazi.” Nikabonyeza, “Runway clear. No people. Doctor is there.” Rubani akasema, “Thank you, Kamina.” Halafu hakuna kitu. Yomba, wewe unakijua kile kimya. Niliitazama taa ya redio, ilikuwa inawaka vizuri kabisa, nikaitazama tu, na nikamwona baba amelala chini ya lile lori, na nikakuona wewe unabonyeza na kubonyeza. Hapo hasira yangu ilitoka. Ilitoka yote. Nilikuwa na dakika kumi na tano, redio nzima, Mzee Mbayo wa kunipiga kisigino miezi mitatu, na barua yako. Wewe hukuwa na mtu.

Halafu sauti yake: “Kamina, we are down. All alive.”

Wanasema ndege ilikimbia uwanja mzima, ikapita askari, ikapita jukwaa la wageni, ikaishia kwenye majani ya mwisho kabisa na ikasimama kama mbuzi aliyeona maji. Daktari Augustine aliingia kabla mlango haujafunguka wote. Na fanfari, bila mtu kuwaamuru, wakaanza kupiga! Wimbo ule ule waliokatishwa, kuanzia palepale. Wake za askari wakapiga vigelegele, muuza mikate akamwaga beseni lake lote kwa watoto. Mzee Mbayo alicheza kwa magongo mpaka akaanguka, nikamwinua, akacheza tena. Rubani alipotulia aliniita redioni kwa sauti ya polepole, akaniuliza, “And how is your family, Riziki?” Nilijibu kwa dakika kumi, mpaka mapacha wa jirani nikamtajia.

Ijumaa Élisée alikuja kunishika mkono. Alisema, “Minyi ningesema sentensi tatu za kupendeza, na wangekufa katika ile ya pili.” Siku ya pili yake Komanda mwenyewe alisimamisha gari mbele ya kibanda, akateremka, akaniangalia kutoka kichwa hadi miguu. Nilidhani kwisha. Akasema, “Njo weye?” Nikasema njo minyi, ndiye mimi. Akanisalimu yeye kwanza. Mjini siku hizi nikipita wanasema, huyo ndiye aliyemnyima Komanda salamu, na wananipisha njia! Daktari ameandika jina langu kwenye karatasi ya kazi, na Mwadi ameniomba nichague jina la mtoto. Ni wa kiume. Nimesema aitwe Ismaeli.

Sasa lililobaki. Jana nilimsomea mama barua yako ya Februari, yote. Alisikiliza mpaka mwisho akiwa ameshika chekeche. Halafu akasema nikae, anataka kuandika, na mimi nisiongeze wala nisipunguze. Haya ni maneno yake.

“Bilali. Nilijua. Dereva aliyemleta mume wangu nyumbani aliniambia yote uliyomsimulia, siku ya tatu ya matanga, na betri, na mke wa mzungu. Salamu zako sikuzikasirikia hata siku moja. Na mimi ningesalimu, na Ismaeli mwenyewe angesalimu, tulilelewa hivyo. Nilichokasirikia ni kwamba niliketi miaka kumi na tisa ninakungoja uje uniambie kwa mdomo wako, nami nikamaliza machozi yangu peke yangu, maana hakuna mtu mwingine ila wewe aliyekuwa naye alipokufa. Wewe ndiye wa mwisho kuisikia sauti yake. Ulipokimbia ulikimbia nayo. Niletee. Mimi Dunia.”

Mimi sina la kuongeza.

Riziki


Lubumbashi, tarehe 9 Julai 2025

Dada yangu Dunia, na Riziki,

Niko Lubumbashi tangu jana, sanduku moja na goti langu baya. Kazini nimeaga. Mama Bijou amenitafutia nafasi kwenye treni ya kesho, na barua hii ninampa mfanyakazi wa gari la mizigo linalotangulia usiku wa leo, mpate kujua kabla sijafika. Njiani siku mbili, Mungu akipenda.

Riziki, watu watano! Nilisoma ile barua nimesimama kwenye uwanja wa hospitali, nikawasomea madereva wote wa ambulansi, wakapiga honi mpaka mkuu akatoka kuuliza ni nini. Nikamwambia ni mwipwa wangu.

Dunia, ninayo sauti yake. Kuanzia saa nne asubuhi mpaka adhuhuri aliongea, na mengi alikuwa anayasema kwako. Nimeyabeba neno kwa neno, hakuna hata moja lililopotea. Nikishuka steshini usinipe maji wala kiti. Nitakuambia palepale, mbele ya watu, kuanzia la kwanza alilosema kwako, na la kwanza lilikuwa jina lako.

Kaka yako,
Bilali